Poti Isiyojua Kama Inasikika

Usiku ule taa za poti ziliwaka kijani pande zote mbili za kiungo, na kwa sababu hiyo hiyo kiungo hicho tulikitazama mwisho kabisa. Mtandao mzima ulikuwa umezimia. Simu za mezani hazikuunganisha, seva zilikuwa hai lakini hazikufikika, na kila swichi tuliyoiendea kwa kebo ya konsoli ilijibu kwa kusitasita, herufi moja baada ya nyingine. Taa za poti zote zilipepesa kwa pamoja bila kupumzika, na yeyote aliyewahi kuishuhudia dhoruba ya matangazo anajua maana ya kupepesa huko: fremu, yaani vifurushi vya data, zinazunguka na hakuna kinachozizuia.

Kilichotutatiza ni kwamba hapakuwa na mtu aliyechomeka kitu. Vitanzi vingi nilivyowahi kuvitafuta vilianzia kwenye mkono wa mtu, mara nyingi kebo fupi iliyochomekwa ncha zote mbili ndani ya swichi moja, na ndiyo maana swali la kwanza huwa ni nani aligusa nini. Safari hii hakuna aliyekuwa amegusa chochote tangu asubuhi. Tulipokipata chanzo, saa kadhaa baadaye, kilikuwa uzi mmoja wa faiba uliokuwa umeacha kupitisha mwanga, huku mwenzake uliolala nao ndani ya kebo ile ile ukiwa mzima. Njia ilikuwa imepungua, na kupungua huko ndiko kulikozaa mzunguko. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kiungo kikikatika, madhara yake ni kukosekana kwa mawasiliano kati ya pande mbili, basi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwa makini kwamba kiungo kinaweza kukatika nusu, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo hatari.

Tunapochora mtandao ubaoni tunaweka mstari mmoja kati ya swichi mbili, na mstari huo hutupotosha. Kiungo cha faiba cha kawaida ni njia mbili zisizojuana: uzi mmoja hubeba mwanga kutoka kwangu kwenda kwako, mwingine hubeba mwanga kutoka kwako kuja kwangu, na kila mmoja una leza yake mwanzoni na kipokezi chake mwishoni. Kiini cha uzi wa modi moja kina upana wa takriban maikromita 9 ndani ya kioo chenye upana wa maikromita 125, kwa hiyo punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuuziba mlango wa mwanga wa upande mmoja na kuuacha wa pili ukiwa safi. Uzi mmoja ukikunjwa kupita kiasi ndani ya paneli, leza moja ikichoka, au kiunganishi kimoja kati ya viwili kikilegea, kinachobaki ni kiungo ambacho upande mmoja unasema bila kusikia na mwingine unasikia bila kusikika. Kebo za shaba za gigabiti moja zina nafuu katika hili, kwa kuwa jozi zote nne hutumika kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ni nadra upande mmoja kufa peke yake ndani ya kebo.

Sasa, poti ya swichi inajua nini kuhusu hali yake? Inajua jambo moja kwa uhakika, kwamba kuna ishara inayoifikia. Taa ya kijani ni habari ya sikio. Habari ya mdomo haina, kwa sababu leza hutuma fremu zake na hakuna kinachorudi kueleza zilifika wapi. Waliotunga viwango vya Etherneti waliliona pengo hili na wakaliziba kwa sehemu. Katika faiba ya gigabiti moja, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1998, pande mbili hufanya mapatano ya kiotomatiki kabla ya kiungo kuinuka, na upande usiosikia hauwezi kuyakamilisha, hivyo kiungo hulala kote kuwili. Katika gigabiti 10, kiwango cha mwaka 2002, upande unaopoteza mwanga hutuma ishara maalumu ya kutangaza hitilafu ya mbali, na mwenzake akiipokea hukishusha kiungo papo hapo. Mbinu hizi ni za haraka kuliko kitu chochote nitakachokieleza baadaye, na pale zinapofanya kazi ninazitegemea bila wasiwasi. Hata hivyo, ile ya kwanza huzimwa kwa amri moja ya mipangilio, na nimeikuta imezimwa mara nyingi na mtu aliyekuwa akipambana na kifaa cha zamani kisichokubali mapatano, kisha akaondoka bila kuandika sababu. Tena zote mbili huishia pale mwanga unapoishia: hazijui lolote kuhusu kilichoko nyuma ya kifaa cha kwanza kinachoupokea mwanga huo.

Kwetu kulikuwa na kifaa kama hicho. Swichi zetu tatu zilipangwa kwa pembetatu, nami nitaziita A, B na C. A ilikuwa mzizi, yaani swichi ambayo itifaki ya STP, ile inayozuia vitanzi kati ya swichi, iliichagua iwe kitovu cha mti. B na C kila moja ilikuwa na njia ya moja kwa moja kwenda A. Na kati ya B na C kulikuwa na kiungo cha akiba. Kiungo hicho kilitoka B kwa kebo fupi ya shaba, kikaingia kwenye konveta, kisanduku kinachogeuza ishara ya shaba kuwa mwanga, kikavuka kwa faiba hadi konveta ya pili, kisha kikafika C kwa kebo nyingine ya shaba. Konveta za aina ile huendelea kuwasha upande wa shaba hata kama upande wa faiba hausikii kitu. Zipo konveta zenye uwezo wa kuangusha upande mmoja pale mwingine unapoanguka, na uwezo huo huwashwa kwa kitufe kidogo pembeni mwa kisanduku. Zetu hazikuwa nao. Kwa hiyo uzi uliobeba maneno ya B kwenda C ulipokufa, swichi zote mbili ziliendelea kuona kebo ya shaba iliyo hai, na taa zikabaki kijani.

Ili kueleza kilichofuata lazima nirudi kwenye STP yenyewe, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa Digital Equipment Corporation. Pakiti ya IP ina hesabu inayopungua kila ipitapo kwenye ruta, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Etherneti haina hesabu ya namna hiyo, na ikiingia kwenye kitanzi itazunguka hadi kitanzi kikatwe. STP hukikata mapema kwa kufunga poti moja mahali ambapo mzunguko ungekamilika, na kwetu poti iliyofungwa ilikuwa ile ya C inayoelekea B. Lakini poti hiyo hubaki imefungwa kwa sharti moja: iendelee kusikia ujumbe uitwao BPDU, ambao B huutuma kila baada ya sekunde 2. Ujumbe ukikoma, C husubiri hadi sekunde 20, kisha hupita hatua mbili za sekunde 15 kila moja, na baada ya takriban sekunde 50 huifungua poti, ikiamini kwamba jirani yake hayupo tena na kwamba sasa ni wajibu wake kuhudumia upande ule.

Mantiki hiyo haina kasoro iwapo ukimya una maana ya kifo. Kwetu B ilikuwa hai na ilikuwa ikituma BPDU zake kama kawaida, ila zilizimikia njiani. Poti ya B ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa sababu B ndiyo iliyokuwa na haki ya kuhudumia kiungo kile, na C nayo ikaifungua ya kwake. Tangazo, yaani fremu inayotumwa kwa wote, lililotoka A lilifika C, C ikalipeleka B kwa uzi uliokuwa mzima, B ikalirudisha A, na A ikalipeleka C tena. Mzunguko ulikwenda upande mmoja tu, lakini upande mmoja unatosha. Kiungo cha gigabiti moja kina nafasi ya fremu ndogo 1,488,095 kwa kila sekunde, na katika kila zamu swichi zote tatu zilimwaga nakala kwenye poti za watumiaji. Jedwali za anwani za MAC, zinazoiambia swichi kila kifaa kiko poti gani, nazo zilivurugika, kwa kuwa A iliziona anwani za kompyuta zilizochomekwa kwake yenyewe zikija kutoka upande wa B, ikazihamisha, kisha ikazihamisha tena kompyuta hizo zilipotuma fremu mpya. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kilichotula sisi kilikuwa kiungo tulichokiweka kwa ajili ya usalama.

Nilipoanza kusoma kuhusu UDLD, itifaki ya kugundua viungo vya upande mmoja, nilivutiwa na jinsi wazo lake lilivyo dogo. Ilitengenezwa na Cisco, na maelezo yake yalichapishwa kwa umma Aprili 2008 katika waraka wa RFC 5171. Kila poti inayoitumia hutuma ujumbe kwa vipindi, na ndani ya ujumbe huo hujitaja: mimi ni swichi fulani, poti fulani. Kisha huongeza orodha ya waliosikika: kwenye poti hii nimemsikia fulani, poti fulani. Orodha hiyo ya pili ndiyo moyo wa itifaki nzima. Nikipokea ujumbe wako na nikalikuta jina langu ndani yake, nina ushahidi kwamba sauti yangu imekufikia na yako imenifikia. Nikipokea ujumbe wako na jina langu halimo, najua kwamba nakusikia nawe hunisikii, na hakuna tafsiri nyingine ya jambo hilo.

Inafaa kutulia hapa kidogo, kwa sababu mgawanyo wa ujuzi katika hali hii si ule ambao mtu angeutarajia. Kati ya pande mbili za kiungo kilichokatika nusu, aliyepoteza kitu ni kiziwi, yaani C katika kisa chetu. Ungedhani yeye ndiye wa kupiga kelele. Lakini C haina namna ya kutofautisha uzi uliokatika, jirani aliyezimwa kwa matengenezo, na jirani ambaye programu yake imekwama. Kwake yote matatu ni ukimya mmoja. Anayeweza kutoa hukumu ni B, ambaye kwa mtazamo wake hakuna kilichobadilika: bado anasikia, bado taa yake ni ya kijani, bado fremu zinaingia. Ni B peke yake anayeshikilia ushahidi, kwa sababu ndiye anayepokea orodha ambayo jina lake limetoweka. Kwa hiyo katika UDLD poti inayofungwa ni ya yule anayesikia, na mhandisi anayefika na kukuta poti iliyofungwa kwenye swichi B hudhani kwamba hitilafu iko B, hubadilisha moduli ya mwanga ya B ya kupokelea, na hashangai hadi anapobadilisha ya pili. Nimewahi kufanya hivyo hivyo. Ujumbe wa UDLD unaposema kiungo ni cha upande mmoja, kinachotakiwa kuchunguzwa ni njia inayotoka kwenye poti iliyofungwa: leza yake, uzi wake wa kutuma, na sikio la mwenzake.

Itifaki hii hukamata pia kosa la aina nyingine, ambalo kwa maoni yangu ni la kawaida kuliko uzi kukatika. Mtu anapopanga upya paneli yenye nyuzi nyingi, ni rahisi kuubadilisha uzi mmoja wa jozi hii na uzi mmoja wa jozi ile. Kila poti itapokea mwanga, kila taa itawaka, lakini poti moja inazungumza na swichi hii na kusikiliza swichi ile. Hakuna kipimo cha nguvu ya mwanga kitakachoonyesha kosa hilo, maana nguvu iko sawasawa. Orodha ya majina huonyesha mara moja: ninayemsikia hajawahi kunisikia, na anayemtaja simfahamu.

Linabaki suala la muda, na hapa ndipo watu wengi huiwasha UDLD na kuridhika mapema. Kipindi cha kawaida kati ya ujumbe na ujumbe ni sekunde 15, na habari za jirani huhifadhiwa kwa vipindi vitatu, yaani sekunde 45, kabla ya kufutwa. Katika kisa chetu C ingeendelea kulitaja jina la B hadi muda huo uishe, na B ingelitambua pengo baada ya hapo. STP ya zamani ingefungua poti baada ya sekunde 50 hivi. Ni mashindano ya kushinda au kushindwa kwa sekunde chache. Toleo la haraka la STP hubana zaidi: C hukata tamaa baada ya BPDU tatu kukosekana, yaani sekunde 6, kisha huomba kibali cha jirani ili ifungue poti upesi. Kibali hakiji, kwa kuwa majibu ya B hayafiki, hivyo C hurudi kwenye hatua mbili za sekunde 15 na kufungua poti takriban sekunde 36 baada ya ukimya kuanza. Ukiacha UDLD katika sekunde 15, kitanzi kinaweza kutangulia. Ukiweka kipindi cha sekunde 7, habari za jirani hufutwa baada ya 21, na hukumu hutolewa kabla ya poti kufunguka. Sasa naweka 7 kila mahali ambapo vifaa vinaruhusu, na kabla ya kuweka naandika hesabu hii kando ya mipangilio, ili atakayekuja baadaye ajue namba ile imetoka wapi.

Nitasema sasa jambo lililoniuma zaidi usiku ule. UDLD kwetu ilikuwa imewashwa. Iliwashwa kwa amri ya jumla ya swichi, ilionekana kwenye mipangilio, na nilikuwa nimeiandika katika ripoti kuwa ni kinga tuliyo nayo. Lakini amri ya jumla huiwasha katika poti za faiba peke yake, na mwongozo wa Cisco unasema hivyo waziwazi. Poti zetu za kiungo cha akiba zilikuwa za shaba, kwa sababu faiba ilianzia kwenye konveta. Swichi haikuwa na sababu ya kujua kwamba mita moja mbele ya kebo ile ya shaba kulikuwa na nyuzi mbili za kioo. Kazi ya kujua hilo ilikuwa yangu, na sikuifanya. Nilisoma amri na kuridhika bila kuiuliza swichi ni poti zipi hasa zina majirani waliothibitishwa. Tangu hapo sihesabu kinga yoyote kuwa ipo hadi nimeona jina la jirani kwenye jedwali la UDLD la poti husika, pande zote mbili. Kwa poti za shaba zinazopitia konveta naiwasha poti kwa poti, kwa mkono.

UDLD ina hali mbili, ya kawaida na ya ukali, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali. Katika hali ya kawaida poti hufungwa pale tu kunapokuwa na ushahidi, yaani jina lililotoweka au jirani asiyelingana. Ukimya mtupu haufungi poti. Katika hali ya ukali, jirani aliyekuwa akisikika akinyamaza, poti hujaribu kumwita mara 8, kila sekunde moja, na asipojibu hujifunga. Hali ya pili hukamata mambo ambayo ya kwanza haiyaoni, kwa mfano poti iliyokwama ambayo taa yake inawaka lakini haitumi wala haipokei. Bei yake ni kwamba inauchukulia ukimya kuwa hatia, na ujumbe wa UDLD hushughulikiwa na prosesa kuu ya swichi, ile ile inayolemewa wakati wa dhoruba. Swichi iliyolemewa inaweza kukosa nafasi ya kutuma ujumbe kwa wakati, na jirani mwenye afya akafunga poti yenye afya. Kwenye kiungo chenye mbadala naikubali hali ya ukali. Kwenye kiungo pekee kinachofika mahali pa mbali siiweki kamwe, kwa kuwa poti ikijifunga huko sina njia nyingine ya kwenda kuifungua, na kiungo pekee hakiwezi kutengeneza kitanzi.

Ufufuaji wa kiotomatiki, ambao huifungua tena poti baada ya muda uliowekwa, kwa kawaida sekunde 300, siupendi kwa viungo vikuu. Uzi mchafu hausafiki ndani ya dakika tano.

Kuna kinga nyingine zinazosimama karibu na UDLD, na si sahihi kuichagua moja na kuzitupa nyingine. Ipo kinga ya kitanzi ndani ya STP yenyewe, ambayo huiambia poti iliyokuwa ikisikia BPDU kwamba zikikoma isijifungue, ibaki imefungwa hadi zirudi. Ingetuokoa usiku ule bila kuhitaji itifaki ya ziada, na hukamata pia hali ambapo programu ya STP ya jirani imekwama ilhali nyuzi zote mbili ni nzima, jambo ambalo UDLD hailioni. Lakini hutegemea kwamba BPDU ziliwahi kusikika. Kiungo kilichozaliwa kikiwa nusu, kama kile cha nyuzi zilizochanganywa kwenye paneli, hakimo ndani ya ulinzi wake. Toleo la haraka la STP nalo liliongezewa utambuzi wa mgogoro: BPDU zake hubeba wadhifa na hali ya poti iliyozituma, hivyo B ikisikia kutoka kwa C ujumbe wa hadhi ya chini kuliko wake unaodai kuhudumia kiungo ambacho B yenyewe inakihudumia, na C ikaonyesha kuwa imeshaanza kujifunza anwani, B hutambua kwamba C haisikii na kuifunga poti yake. Ni wazo lile lile la kumwachia anayesikia atoe hukumu, ila bila ujumbe wa ziada.

Na ukilitafuta wazo hilo utalikuta kila mahali. Ujumbe wa salamu wa OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuelezana njia, hubeba orodha ya majirani waliosikika, na ruta haisongi mbele hadi ijione kwenye orodha ya mwenzake. LACP, inayofunga viungo kadhaa kuwa kimoja, hutuma habari za mtumaji pamoja na kile mtumaji anachojua kuhusu mpokeaji. BFD, itifaki ya kugundua upesi njia iliyokatika, iliyoelezwa katika RFC 5880 ya mwaka 2010, hufanya hivyo kwa kurudisha namba ya utambulisho ya mwenzake. Ndiyo maana katika mitandao yenye vifaa vya kampuni mbalimbali, ambapo UDLD haieleweki kwa wote, naweka LACP hata kwenye kiungo kimoja kisicho na mwenzake: kwa kipimo cha haraka hutuma ujumbe kila sekunde na kukata baada ya sekunde 3, wakati kipimo cha polepole husubiri sekunde 90, muda ambao kitanzi kingekuwa kimeshaota mizizi. Jambo la kuangalia ni anwani. Ujumbe wa LACP hutumwa kwa anwani ambayo swichi inayofuata kiwango haipaswi kuipitisha, kwa hiyo ukiwa na swichi ndogo katikati ya njia, ujumbe utaishia hapo. Na kifungu cha viungo kilichowekwa kwa nguvu bila LACP hakina kinga yoyote ya aina hii, kwa hiyo sikiruhusu kwenye mitandao ninayoisimamia.

Kuijaribu kinga hii ni kugumu kuliko kuiwasha. Watu huchomoa uzi mmoja wa faiba, wanaona kiungo kimeshuka, na wanaandika kwamba UDLD imefanya kazi, wakati kilichofanya kazi ni mapatano ya kiotomatiki au ishara ya hitilafu ya mbali. UDLD haikupata hata nafasi ya kuhesabu sekunde. Jaribio la kweli lazima liuache mwanga ukiwaka. Mimi hutumia viungo viwili sambamba wakati wa matengenezo, nikiwa nimezifunga kwanza poti za watumiaji: nabadilishana uzi mmoja wa kiungo cha kwanza na uzi mmoja wa kiungo cha pili, kisha nakaa na saa mkononi. Kwenye njia zenye konveta nachomoa uzi kati ya konveta mbili. Poti isipofungwa ndani ya muda niliouhesabu, kinga hiyo naihesabu kuwa haipo. Leza hizi hazionekani kwa macho na zinaweza kuyadhuru, kwa hiyo uzi uliochomolewa haukaguliwi kwa kuchungulia.

Lipo eneo ambalo hakuna kati ya itifaki hizi inayolifikia vizuri, nalo limenishughulisha zaidi miezi ya karibuni. Uzi haufi ghafla kila mara. Mara nyingi hudhoofika, ukaanza kuharibu fremu moja kati ya maelfu, kisha zaidi, upande mmoja tu. Ujumbe wa UDLD ni mfupi na ni wachache, na fremu fupi hunusurika kwenye njia inayoharibu fremu ndefu. Kwa hiyo majina yanaendelea kurudi yakiwa kamili wakati mafaili makubwa yanakwama kuelekea upande mmoja, na watumiaji wanasema mtandao ni mzito bila mtu kuweza kuwaonyesha kosa lilipo. Fremu iliyoharibika huhesabiwa na mpokeaji peke yake. Aliyeituma anaihesabu kuwa imetoka salama. Swichi iliyo karibu na mlalamikaji inaweza kuwa safi kabisa kwenye kila hesabu yake, kwa sababu yeye ndiye msemaji.

Kwa hiyo sasa kila wiki nachukua hesabu za pande zote mbili za kila kiungo kikuu: fremu zilizoharibika kwa kila mpokeaji, na nguvu ya mwanga kwa desibeli, iliyotumwa na mmoja na iliyopokewa na mwingine, kila upande peke yake. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni upotevu wa uzi ule mmoja, na nautazama unavyosogea kutoka wiki hadi wiki kuliko ukubwa wake wa siku moja. Kiungo kati ya B na C hakina tena konveta. Moduli za mwanga zimeingia moja kwa moja kwenye swichi, na UDLD inaonyesha jina la jirani pande zote mbili. Upotevu wa uzi unaotoka B umeanza kuongezeka kidogo kidogo huku ule wa kurudi ukiwa umetulia, na kazi ya kwanza niliyoipanga katika muda ujao wa matengenezo ni kukifungua kiunganishi kile, kukitazama kwa hadubini, na kukisafisha kabla uzi haujanyamaza.